PAMPU INAYOTAFUNA KOKOTO

Kuna mlio mmoja ambao kila mkulima anayemwagilia shamba kwa pampu yampasa aujue kama anavyokijua kikohozi cha ng'ombe wake. Injini inanguruma sawasawa, maji yanatoka, lakini ndani ya tumbo la pampu kunasikika kana kwamba mtu ametia konzi ya kokoto nazo zinazunguka pamoja na maji. Wengine husema ni kama mahindi yanayokaangwa. Mwenye pampu huzima injini, akafungua, asione hata punje moja ya kokoto. Hufunga, akawasha tena, na mlio ni ule ule. Baada ya miezi michache maji hupungua, na siku fundi atakapoifungua pampu hiyo atatoa impela, yaani lile gurudumu lenye mapanga, ikiwa imetobokatoboka.

Ukitaka kujua impela hiyo inafananaje, nenda Mji wa Kale, Mombasa, ukatazame ukuta wowote wa zamani uliobanduka chokaa, au kuta za Ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Jiwe lile ni tumbawe, nalo lina vishimo na vitundu kila mahali. Chuma cha impela iliyoharibika huwa hivyo hivyo, na ajabu yake ni kwamba kilichokila ni maji matupu.

Hapa Pwani twapenda sana kuisingizia chumvi. Bati likitoboka, chumvi. Baiskeli ikiishiwa mnyororo, chumvi. Mara nyingi ni kweli, lakini si katika jambo hili, na anayekosea ugonjwa hununua dawa isiyofaa. Kutu ya chumvi huenea juu ya chuma chote, ni nyekundu, na hubanduka kwa magamba. Mchanga nao hukwangua: huacha mifereji laini, hasa kwenye ncha za mapanga ambako maji hupita kwa kasi. Ugonjwa tunaousema leo hukaa mahali pake maalum, karibu na katikati ya impela ambako mapanga huanzia. Vishimo vyake ni vikali ukivipapasa kwa kidole, na chuma kilichomo ndani mara nyingi hung'aa kama kipya. Wahandisi huuita kavitesheni. Mimi nitasema chuma kuliwa na mapovu.

PAMPU HAIVUTI MAJI

Hapana budi tuanze mbali kidogo. Sisi sote husema kwamba pampu inavuta maji. Si kweli. Mtazame mtu anayekunywa dafu kwa mrija pale nje ya Ngome. Yeye huondoa hewa iliyo ndani ya mrija, basi. Hewa iliyo nje, ambayo ina uzito, huyakandamiza maji ya dafu na kuyasukuma yapande hadi kinywani. Kama tundu la dafu lingezibwa kwa nta kuuzunguka mrija, angenyonya mpaka mashavu yakutane, na baada ya funda la kwanza asipate kitu.

Pampu ya impela hufanya vivyo hivyo. Impela huzunguka kwa kasi na kuyarusha maji kutoka katikati kwenda ukingoni, kama matope yanavyoruka kutoka gurudumu la baiskeli. Pale katikati, panapoitwa jicho la impela, hubaki upungufu, na uzito wa hewa inayolala juu ya mto au kisima huyasukuma maji mengine yaje kupajaza.

Uzito huo una mpaka. Ufuoni mwa bahari, kama hapa Mombasa, hewa yaweza kuinua maji mita 10.3 hivi, wala haizidishi. Wachimba visima wa Italia walilijua jambo hili kwa taabu, maana pampu zao zilikwama penye mita kumi, na mwaka 1644 Evangelista Torricelli aliandika kueleza kwamba sababu yake ni uzito wa hewa. Ndani ya Ngome yetu mna kisima chenye kina cha futi 76 hivi, karibu mita 23, ambacho maji yake ya chumvi hayakufaa kunywewa, yakawa ya kuogea na kufulia. Chukua pampu ya nguvu za farasi mia ukaiweke mdomoni mwa kisima cha namna hiyo, maji yakiwa yamelala chini kabisa, haitatoa hata tone. Ndoo ya mtumwa na kamba yake ingeishinda.

Ukipanda bara, hewa hupungua uzito. Nairobi huinua maji mita 8.4 hivi. Ol Kalou, kwenye skimu za Nyandarua, penye mwinuko wa mita 2,400 hivi, ni mita 7.7 tu. Ndugu zetu wa huko hawana haja ya kuthibitishiwa, kwani maharagwe yao huchelewa kuiva. Maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100, na ya Ol Kalou kwa digrii 92 hivi. Hewa inayoyakandamiza ni nyepesi, basi hayahitaji moto mwingi ili kuruka.

Shika hapo, maana ndipo penye siri yote. Kuchemka si kazi ya moto peke yake. Ukipunguza mkandamizo wa kutosha, maji huchemka hata yakiwa vuguvugu.

Waweza kujaribu nyumbani, na watoto wa shule watafurahi. Chukua sirinji mpya isiyo na sindano, ile ya kupimia dawa ya mifugo. Vuta maji ya moto kiasi cha chai inayonyweka, yajaze kama robo. Toa hewa yote, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha vuta mti wake kwa nguvu. Utaona maji yanatokota mbele ya macho yako. Ukiachia mti, mapovu yanatoweka mara moja na sirinji inagonga ndani. Mgongo huo mdogo ndio ule mlio wa kokoto.

PIGO LA POVU

Sasa tuingie ndani ya pampu. Ikiwa maji yanafika kwa shida kwenye jicho la impela, mkandamizo hapo hushuka mno. Maji yanachemka yakiwa ya baridi, na mapovu ya mvuke yanazaliwa kwa maelfu. Mapovu hayo hayakai. Impela huyasukuma kuelekea ukingoni, na huko mkandamizo ni mkubwa, kwa sababu ndiko maji yanakopata nguvu ya kupanda kwenda shambani. Hapo mvuke hauwezi kuendelea kuwa mvuke. Kumbuka kwamba kwa joto la digrii 30, lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke hujaza lita 33,000 hivi. Basi mvuke huo unaporudi kuwa maji, povu zima hubaki tupu na kujifumba ghafla, kwa muda mfupi kuliko sehemu ya elfu ya nukta.

Povu la sabuni hupasuka kwenda nje. Hili hufumba kwenda ndani. Maji ya pande zote hukimbilia katikati, lakini upande wenye chuma hauna maji ya kukimbia, kwa hiyo maji ya upande wa pili hupenya katikati ya povu kama sindano na kukichoma chuma. Lord Rayleigh, mtaalamu wa Uingereza, alipiga hesabu ya kufumba kwa povu mwaka 1917, akaonyesha kwamba mkandamizo wake waweza kupita ule wa hewa mara nyingi mno. Pigo moja halionekani hata kwa darubini ndogo. Lakini hayo ni maelfu kila nukta, mahali pale pale, siku nzima. Chuma huchoka, punje huchomoka, kisha shimo dogo huzaa shimo kubwa. Mtikiso wake huharibu pia beringi na sili, na mkulima hudhani ana magonjwa matatu, kumbe ni moja.

Hata meli za Kilindini zinaujua ugonjwa huu, maana rafadha ya meli ni binamu wa impela. Charles Parsons alipoijaribu meli yake Turbinia, iliyojengwa mwaka 1894, rafadha ilizunguka mno lakini meli haikwenda kwa kasi aliyotazamia, kwa kuwa ilikuwa inazunguka katika mapovu. Akatengeneza sanduku la maji lenye kioo ili ayaone mapovu hayo, akaongeza idadi ya rafadha, na mwaka 1897 meli ile ikazipita zote mbele ya macho ya watu. Tena kuna kamba wadogo katika miamba ya bahari ya joto kama yetu, wenye gando moja kubwa, ambao hutoa mlio wa kualika. Watu walidhani ni magando yanayogongana. Mwaka 2000 wataalamu walionyesha kwamba gando likifungwa kwa kasi hutengeneza povu, na mlio ni wa povu hilo likifumba. Kamba huwindia kwa silaha ile ile inayotuharibia pampu.

KIKUNDI CHA IMPELA TATU

Kikundi kimoja cha wakulima wa skimu fulani ya Pwani, ambacho jina lake si lazima lijulikane, kilichanga fedha kikanunua pampu ya petroli ya inchi mbili kwa ajili ya nyanya na bilingani. Kabla ya msimu wa kwanza kwisha, impela ilikuwa imekwisha. Wakaja Kisiwani, na katika duka moja wakaambiwa: “Chumvi ya Pwani hiyo.” Wakauziwa nyingine. Ya pili haikumaliza hata kiangazi. Mara ya tatu wakashauriwa wanunue ya shaba, ya bei kubwa, ingawa mto wao ni wa maji matamu. Wakati huo nyanya zilikuwa zimesinyaa, deni la mbolea lilikuwa halijalipwa, na watu wawili walikuwa wamekwisha kujitoa katika kikundi wakitaka warudishiwe fedha zao.

Bahati yao, kabla ya kulipa walipita kwa fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale, aliyezoea pampu za visima vya majumba ya huko. Hakuitazama impela sana. Aliwauliza:

“Wanangu, pampu mmeiweka wapi?”

“Juu ya ukingo, Mzee, isichukuliwe na mafuriko.”

“Na kutoka pampu mpaka usoni pa maji, kwa wima, ni pima ngapi?”

Hawakujua. Akawaambia warudi wakapime kwa kamba yenye jiwe, kisha ndipo wazungumze habari za impela.

Walipima. Wakati wa mvua ingekuwa mita 5. Kiangazi, maji yakiwa yameshuka, ilikuwa mita 6 na nusu. Bomba la kuvutia lilikuwa na urefu wa mita 10, unene wake inchi mbili. Sasa, ndugu mkulima, ichukue hewa kama fedha zilizomo mfukoni, nasi tufanye hesabu yao.

Hapa Pwani mkulima huanza na mita 10.3. Maji yenye joto la digrii 30 hudai 0.4, ambayo ndiyo ile nguvu yao ya kutaka kugeuka mvuke. Zinabaki 9.9. Kupanda mita 5 kunakula 5, zinabaki 4.9. Bomba la inchi mbili likipitisha lita 5 kwa nukta, msuguano wa mita 10 za urefu hula karibu 1.5. Chujio, vali ya chini na kona moja tuseme ni 0.5. Mfukoni zimebaki 2.9. Pampu yenyewe ina ada yake ya mlangoni, ambayo huandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Tuseme ni mita 3. Basi hata wakati wa mvua kikundi hiki kilikuwa kinadaiwa kidogo. Kiangazi, mto uliposhuka mita 1 na nusu, zilibaki 1.4 tu. Kokoto zikaanza kulia kwa nguvu wakati ule ule ambao nyanya zilikuwa zinahitaji maji kuliko wakati wowote.

Angalia jinsi hasara ilivyojificha. Hakuna aliyebadili kitu katika pampu. Kilichobadilika ni mto.

Mzee hakuwauzia impela ya shaba. Aliwashauri wabadili bomba la kuvutia liwe la inchi tatu, na wachimbe kibao katika ukingo, mita 1 na nusu chini ya mahali pa kwanza, waiweke pampu hapo. Bomba likipanuka kutoka inchi mbili hadi tatu, msuguano hupungua zaidi ya mara saba. Badala ya 1.5 ukawa 0.2, na chujio kubwa na kona yake vikawa 0.1. Kwa kiangazi kile kile, kupanda kukawa mita 5, na mfukoni zikabaki 4.6. Pampu ikachukua ada yake ya 3, na zikabaki za akiba. Mafuriko yakija, watu wanne huibeba pampu na kuipandisha juu. Ni kazi ya robo saa.

Wa Ol Kalou wafanye hesabu yao wenyewe, wala wasiige ya Pwani. Kwa mto wa mita 5 na bomba lile la inchi mbili, huanza na 7.7, maji yao ya baridi hudai 0.2 tu, lakini mwisho hubaki nusu mita. Hata wakiweka bomba la inchi tatu hupata 2.2, ambazo bado hazitoshi. Kwao hapana budi pampu ishuke mpaka iwe mita 3 tu juu ya maji, au chini ya hapo. Mfanyabiashara anayewaambia kwamba pampu hiyo “huvuta mita 7” huenda ameipima penye bahari, tena ikiwa mpya.

MAMBO YANAYOPOTOSHA

Wako wanaosikia mlio huo na kufunga kidogo vali ya upande wa kuvutia, wakitumaini kuituliza pampu. Hilo ni kumnyonga mtu anayetweta. Kama unataka kupunguza maji, punguza upande wa kutolea. Tena hiki ni kipimo kizuri cha ugonjwa: funga vali ya kutolea kidogo kidogo, na mlio ukipungua, jua ni mapovu. Usiifunge kabisa na kuondoka, maana maji yatapata moto ndani ya pampu na utakuwa umeleta ubaya mwingine.

Usizidishe mwendo wa injini ili kufidia maji yaliyopungua. Pampu ikikimbia zaidi, ada yake hupanda na msuguano hupanda, na mapovu huongezeka. Vivyo hivyo pampu iliyonunuliwa kwa kupandisha maji kilimani, ukiitumia kumwaga maji katika mfereji ulio bondeni, hutoa maji mengi mno kwa kuwa hakuna kinachoizuia, ikaanza kulia hata kama mto uko karibu. Wengi hustaajabu kwa hilo, wakisema kazi imekuwa nyepesi, mbona pampu inaumwa. Dawa yake ni kubana kidogo upande wa kutolea au kushusha mwendo wa injini.

Usichanganye pia mapovu ya mvuke na hewa inayoingia kwa ufa. Bomba la kuvutia likiwa na kiungo kilicholegea, pampu huvuta hewa, maji hutoka kwa kukohoa, na mara nyingi hupotea kabisa mpaka uijaze tena. Hiyo haitafuni chuma namna hii, na dawa yake ni kukaza viungo. Paka povu la sabuni kwenye viungo pampu ikiwa inakwenda. Penye ufa povu litanyonywa ndani.

Na chujio, jamani, chujio. Majani, makuti na taka za mto zikilijaza, bomba la inchi tatu huwa sawa na la inchi moja. Kulisafisha hakugharimu senti.

Bora kuliko yote ni maji yanayoijia pampu yenyewe. Tangu mwaka 1957 Mombasa hupata maji ya Mzima, yanayotembea kama kilometa 220 kutoka Tsavo mpaka Mazeras kwa mteremko tu. Si kila skimu ina chemchemi kilimani, lakini wengi wana bwawa au tangi, na pampu ikikaa chini ya uso wa maji hayo, kimo cha maji huongeza akiba mfukoni badala ya kuila. Kwa kisima kirefu, nunua pampu ya kuzama, inayofanya kazi ndani ya maji na kusukuma kwenda juu. Nyumba yenye kisima ambacho maji yake hayako mbali sana yaweza kuridhika na pampu ya juu; usiige hivyo mahali ambapo kamba ya ndoo yako ina mita 15.

Impela ya shaba au ya chuma cha pua huvumilia mapigo muda mrefu kuliko chuma cha kalibu, lakini nayo huliwa ikiwa sababu imebaki. Vishimo vidogo fundi aweza kuvijaza ili umalize msimu. Impela iliyoliwa zaidi ya hapo ibadilishwe, ila ile ya zamani usiitupe. Ipeleke kwa Bwana Shamba au kwa fundi pamoja na vipimo vinne: kimo kutoka usoni pa maji mpaka pampu wakati wa mvua, kimo hicho wakati wa kiangazi, urefu wa bomba la kuvutia, na unene wake. Kitabu cha pampu kama kipo nacho kiende, kwa sababu ile ada ya mlangoni imeandikwa humo.